Unga Mweupe Kwenye Chupa ya Mwanangu

Nina miaka thelathini na minne. Nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike, na ninaishi Kimbo, kule Ruiru, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vinavyotazamana. Kazi yangu ni kushona katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda Thika. Natoka asubuhi na mapema, narudi jioni miguu imevimba.

Haya ninayoandika sijawahi kumwambia hata mama yangu mzazi. Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni mpaka mwisho... halafu nihukumuni mnavyotaka. Mimi mwenyewe nilishajihukumu.

Mambo yalianza na maji. Tulihamia Kimbo kutoka Thika mjini wakati Ciru, binti yangu, ndio anaanza kusimama. Kule Thika tulikuwa na maji ya mfereji. Ploti ya Kimbo ina kisima, pampu inavuta maji mpaka kwenye mfereji mmoja wa nje tunaotumia sote. Na maji yenyewe, jamani! Mvua ikinyesha yanatoka na rangi ya chai ya maziwa. Yana ka-chumvi fulani, sabuni haitoi povu. Sufuria zangu za chai zilianza kushika ukoko mweupe ndani, nikawa nasugua tu na kulaumu sabuni. Sikujiuliza hata siku moja ule weupe unatoka wapi. Kumbukeni hapo, nitaparudia.

Ya kunywa tulikuwa tunanunua dukani, lakini mfuko ulikataa. Siku moja saa ya chakula cha mchana kazini, rafiki yangu Shiro, yule wa mashine inayofuata yangu, akanionyesha video kwenye simu. Mtu anatengeneza filta ya maji kwa ndoo, mchanga, kokoto na makaa. Basi! Nikaiangalia mara tatu, nikajiambia hii hata mimi naweza.

Na kweli niliweza. Baba Ciru, mume wangu, anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe upande wa Juja, kwa hivyo kokoto na mchanga havikunisumbua. Nilichukua ndoo mbili kubwa. Ile ya juu nikaitoboa matundu madogo chini kwa msumari uliochomwa kwenye jiko. Nikatandika vitambaa vya pamba, mabaki ya kiwandani. Juu yake nikaweka makaa niliyoyaponda na kuyaosha, halafu mchanga laini, halafu mchanga mkubwa, na kokoto juu kabisa. Ule mchanga peke yake niliuosha siku mbili! Vidole vilichubuka.

Nikamwaga maji ya kisima, nikasubiri... tone... tone... tone... Ya kwanza yalitoka meusi kwa sababu ya makaa, nikayamwaga. Ya pili afadhali. Mara ya tano nilijaza glasi, nikaiweka dirishani, na haki ya Mungu nikaona nguo za jirani kwenye kamba kupitia hayo maji! Nilipiga kelele mpaka Baba Ciru akatoka bafuni na sabuni kichwani.

Wanawake wa ploti walikuja kutazama. Wiki mbili hazikuisha, wakawa wananiita Mama Filta. Wanne nikawaonyesha namna ya kutengeneza za kwao, akiwemo Mama Brayo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mimi shuleni sikufika mbali. Kiwandani mimi ni namba kwenye aproni. Hapa ploti nikawa mtu, naulizwa maswali, najibu. Mnaelewa hilo linamfanyia nini mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu?

Mtu mmoja tu hakunipigia makofi.

Chumba namba saba kulikuwa na mama mmoja mjane, umri wa kama miaka sitini, mtu wa mkoa wa Magharibi. Watoto wote walimwita Kukhu, ndivyo kwao wanavyomwita nyanya, na sisi watu wazima tukafuata. Kazi yake ilikuwa kutulelea watoto tukienda kazini. Alikuwa na watoto sita mchana kutwa, Ciru wangu mmoja wao. Ndiyo riziki yake yote hiyo, hakuwa na nyingine.

Siku ile ya glasi Kukhu alikuja, akaitazama, akanusa maji. Akaniambia polepole, "Mama Ciru, umefanya kazi nzuri, mwanangu. Yametakata. Lakini uyaweke moto kidogo. Kile kisima kiko karibu sana na choo."

Mbele ya watu! Nilitabasamu, lakini moyoni nilikuwa nachemka mimi badala ya maji. Kwani nilihangaika na filta ya nini kama bado nitachoma gesi? Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani, makaa yanaua kila kitu. Ni nani aliniambia makaa yanaua kila kitu? Hakuna! Nilijiambia mwenyewe. Kukhu akasema "haya", tu. Nikamkaribisha glasi moja, akakataa, akasema hana kiu.

Hana kiu... jua la saa saba! Tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia.

Lazima niwe mkweli. Mimi ni mtu wa kushuku, nimezaliwa hivyo. Baba Ciru akichelewa nusu saa nanusa shati. Dukani nikirudishiwa chenji nageuza noti pande zote mbili. Nilikuwa najivunia hiyo tabia, nikiita ni ujanja.

Kila asubuhi nilimwachia Kukhu mtoto, chakula chake kwenye kibakuli, na maji yangu ya filta kwenye chupa inayopitisha mwanga, yenye kifuniko cha waridi. Jioni moja nilikuwa naosha ile chupa nikaona kitu. Maji yaliyobaki yalikuwa na unga mweupe chini. Nikaitikisa. Ule unga ukainuka, ukazunguka polepole, ukashuka tena.

Filta inaondoa uchafu, sasa inawezaje kuongeza unga? Nikakimbilia ndoo yangu, nikachota glasi, nikaiinua kwenye mwanga. Safi! Hakuna hata punje. Kwa hivyo ule unga umeingia wapi? Umeingilia mikononi mwa nani?

Kesho yake nilipiga alama. Nilichora kamstari ka rangi ya kucha, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye shingo ya chupa, ili kifuniko kikifunguliwa nijue. Jioni mistari haikulingana. Nikajiambia, nimemshika! Sasa hebu niambieni... mtoto atakunywaje maji bila kifuniko kufunguliwa? Leo nikikumbuka hiyo rangi ya kucha natamani kujizaba kofi. Lakini siku hiyo niliona ni ushahidi wa kwenda mahakamani.

Nikaanza kuongeza mengine. Mbona Ciru analala sana mchana? Mbona jiko la Kukhu linafuka asubuhi nzima na hapiki chakula, wakati sisi wenyewe tunaleta chakula cha watoto kimepikwa? Mbona hagusi maji yangu?

Nilimwambia Shiro. Akaacha mashine yake ikinguruma peke yake, akaniambia mtu ambaye hujui kwao si wa kumwachia mtoto, akanipa na visa vitatu vya watoto waliowekewa vitu. Nikabeba ule unga kwenye kichupa cha dawa mpaka kwa kijana wa kemisti. Akanicheka. Akasema yeye anauza dawa, hapimi maji. Nikaona hata huyo pengine amejazwa maneno.

Baba Ciru ndiye alijaribu kunizuia. "Mtoto ananenepa kila siku, wewe unasema anawekewa sumu. Ni sumu gani hiyo ya kunenepesha?"

Nilimjibu kwamba wanaume hawaoni mambo. Yeye akageukia ukutani akalala. Laiti ningesikiliza hilo neno moja!

Halafu ikaja siku ya Ijumaa. Stima zilipotea kiwandani, tukaachiliwa mapema. Saa tano nilikuwa tayari kwenye geti la ploti. Sikuita. Nilitembea kando ya ukuta mpaka dirisha la chumba namba saba, nikachungulia pembeni mwa pazia.

Watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka, wote sita. Kukhu ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo nusu. Mkononi ana chupa ya kifuniko cha waridi. Anamimina kitu kutoka kwenye sufuria, polepole, kupitia kitambaa. Na midomo yake inacheza... anasema maneno chini chini.

Anayasomea maji! Ngai, Mungu wangu! Sikuingia. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuingia tu nikasema, "Kukhu, unafanya nini hapo?" Maneno manne! Lakini mtu wa kushuku haulizi. Anakusanya. Nilirudi kwangu nikakaa kitandani, nikapanga namna ya kumwaibisha.

Jumamosi asubuhi wanawake wote walikuwa mferejini wanafua. Nilitoka na ile chupa niliyoificha tangu jana, unga ukiwa chini. Nikasimama katikati ya mabeseni nikapaza sauti. Nilisema yote. Unga, alama, jiko, dirisha, midomo. Kukhu alikuwa anaanika shuka. Alisimama hapo ameshika ncha ya shuka.

Kisha akasema, "Mama Ciru, nilikuwa nayachemsha tu. Yote ya watoto huwa nayachemsha. Na midomo, mimi huimba nyimbo za kanisa nikifanya kazi."

Nikacheka! Nilicheka kwa nguvu ili wote wasikie. Nikamuuliza ni nani mwenye makaa ya kuchezea, achemshe maji ambayo tayari yamechujwa? Na kama ni kuchemsha, huo unga ni wa nini? Akasema hata yeye hajui ni wa nini, ni maji ya hapa yako hivyo.

Nikamsukumia chupa. "Basi kunywa! Kunywa tukuone!"

Mama wa miaka sitini, mbele ya watu wa rika la watoto wake. Alipangusa mikono kwenye leso, akafungua kifuniko cha waridi, akanywa. Alikunywa yote, mpaka ule unga. Akanirudishia chupa tupu.

Mnafikiri niliona aibu? Nilisema hivi: dawa yake haiwezi kumdhuru mwenyewe. Hayo ndiyo yalinitoka mdomoni, wenzangu. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha maneno, ningeanza na hayo.

Kufikia Jumatatu hakuna mama aliyempelekea mtoto. Msimamizi wa ploti akamwambia atafute mahali pengine kabla watu hawajamletea fujo. Jumatano vitu vyake vilipakiwa kwenye mkokoteni: godoro, jiko, masufuria, ule mkeka wa watoto. Alipita kwangu. Mkononi alikuwa na sweta la Ciru lililobaki kwake, limefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Maji ya mtoto uyaweke moto, Mama Ciru," akasema.

Nilichukua sweta, nikafunga mlango. Hata ahsante sikusema. Lile sweta nililinusa kwanza, nikalifua upya mara mbili.

Nilimpata msichana mwingine wa kulea, hapo ploti ya pili. Huyo hakugusa chupa yangu, alimpa mtoto maji kama yalivyo. Jioni nilikagua: hakuna unga! Safi kabisa! Nikamwambia Baba Ciru, "Unaona?"

Mvua kubwa zikaanza. Uwanja wa ploti ukajaa maji, choo cha shimo kikafurika kikanuka mpaka barabarani. Filta yangu ikaendelea kutoa maji meupe, mazuri ya kutazama. Mimi na Baba Ciru matumbo yakawa yananguruma, tukasingizia maharagwe.

Wiki ya tatu Ciru akaamka na joto. Nikampa dawa ya homa. Siku ya pili akakataa kula, akaanza kuharisha. Siku ya nne alikuwa amelegea mikononi mwangu, macho yameingia ndani, nikimwita hageuki. Mwanangu... yule aliyekuwa akinenepa! Tulimkimbiza hospitali Thika, na njia nzima nilikuwa nasema ni Kukhu. Amemtupia kitu kabla ya kuondoka, ndiyo maana alileta sweta. Hata hapo! Hata hapo bado!

Daktari alikuwa dada mdogo tu, mpole. Aliniuliza, "Mama, maji ya kunywa mnachemsha?"

"Tunachuja. Nina filta, nimeitengeneza mwenyewe."

"Sijauliza kama mnachuja. Nimeuliza kama mnachemsha."

Nikamvuta Ciru kifuani.

Ilikuwa taifodi. Alinieleza bila kunigombeza kwamba mchanga na makaa yanatoa matope, rangi na harufu, lakini vidudu vya choo vinaweza kupita hapo vikaingia ndani ya yale maji safi. Macho hayavioni. Moto ndio unaviua. Siku tisa tulikaa wodini. Siku ya tano, Mama Brayo aliingia na mtoto wake mgongoni, naye amelegea vilevile. Filta yake nilimtengenezea mimi. Alinitazama, nikaangalia sakafu.

Mungu ni mkuu, watoto wote wawili walipona. Lakini hadithi haijaisha hapo.

Siku tuliporudi nyumbani, nilichota maji ya filta nikayachemsha kama nilivyoagizwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kabisa kuchemsha maji matupu ya kunywa kutoka kisima kile, bila majani wala maziwa. Nikaacha yapoe. Nikayamimina kwenye chupa ya kifuniko cha waridi, nikaiweka mezani, nikaenda kumbadilisha mtoto nguo.

Niliporudi, kulikuwa na unga mweupe chini ya chupa.

Nikaitikisa. Ukainuka, ukazunguka polepole, ukashuka. Uleule! Nikashika sufuria niliyochemshia, nikapitisha kidole ndani. Uleule! Nikavuta sufuria ya chai, ile yenye ukoko niliyokuwa nasugua miezi yote hiyo. Uleule! Ilikuwa ni chokaa ya maji yetu ya chumvi. Yakipata moto inajitenga, inashuka. Kitambaa cha Kukhu kilikuwa cha kuichuja, nyingine ikawa inapita.

Niliketi sakafuni nikalia mpaka Ciru akaja kunipangusa na gauni lake. Kila siku yule mama alichoma makaa yake mwenyewe kuchemsha maji ya watoto sita. Hakusema, kwa sababu aliposema mara ya kwanza niliona ananidharau. Alininyamazia ili nibaki Mama Filta. Na mtoto alikuwa analala mchana kwa sababu alikuwa ameshiba!

Jumamosi nilisimama tena mferejini, mahali palepale. Niliwaambia wote ukweli, nikawaonyesha chupa na sufuria. Wengine walilia. Lakini mmoja alimnong'oneza mwenzake, na nilisikia, kwamba pengine nimerogwa ndiyo maana nasema hivyo. Nilitamani kumrukia. Halafu nikakumbuka ni nani aliyemfundisha.

Nilimtafuta Kukhu mpaka nikampata kule Murera, kwenye chumba cha mabati karibu na mashamba. Sasa anapalilia mashamba ya watu kwa kibarua, mgongo wake ule. Hana mtoto hata mmoja wa kulea, maneno yalifika huko kabla yake. Nilipiga magoti mlangoni. Aliniinua, akasema nisichafue nguo. Akamuuliza Ciru hali, akamshika mashavu. Akaniambia amenisamehe, tena zamani.

Nikamwomba arudi Kimbo anilelee mtoto. Akatikisa kichwa.

"Nimekusamehe, Mama Ciru, lakini mtoto wako siwezi kumshika tena. Siku atakapokohoa, utaniangalia vile uliniangalia. Mimi siwezi kuonekana hivyo mara mbili."

Nitamwambia hapana, na ananijua?

Wenzangu, nawasihi. Filta tengenezeni, ni kitu kizuri, mimi bado ninayo na mchanga wake nauosha kila baada ya muda. Lakini mkishachuja, chemsheni! Maji kuwa meupe si kuwa salama. Na ukiona jambo kwa mtu likakutia shaka, muulize mkiwa wawili, kwa sauti ya chini, kabla hujasimama mbele ya watu. Mimi sasa nazunguka ploti za Kimbo nikimsafisha Kukhu jina, mlango kwa mlango. Wengine wananisikiliza, wengine wananifungia kama nilivyomfungia.

Kuna jambo moja sikulisema, na ndilo linaniamsha kila asubuhi. Kabla sijaondoka Murera, Kukhu alipika chai. Akamimina vikombe viwili. Kikombe changu hakunipa. Alikiinua yeye kwanza, akanywa funda moja huku ananitazama, akameza, akangoja kidogo nione kwamba hajaanguka. Kisha akapangusa ukingo kwa ncha ya leso, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Karibu chai, mwanangu," akasema.